Hesabu za Akili Unde na Jedwali la Logi

Utafiti wa akili unde umejengwa juu ya matawi matatu ya hesabu: matriksi na vekta, kalkulasi, na uwezekano. Mwanafunzi wa shule ya sekondari ya Sironga, nchini Kenya, aliyemaliza kidato cha nne ameshayagusa yote matatu. Dai kwamba hesabu hizi ni za wenye vipaji vya ajabu halina msingi, na limewavunja moyo wengi waliokuwa wakiziweza.

Mtaala wa KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari, humfikisha mwanafunzi kwenye kinyume cha matriksi ya 2 kwa 2. Watafiti hutumia matriksi zenye maelfu ya safu, lakini kanuni ya kuzidisha haibadiliki. Kalkulasi ndiyo inayodai nyongeza, hasa kanuni ya mnyororo, ambayo Rumelhart, Hinton na Williams waliitumia mwaka 1986 kuonyesha jinsi mtandao wa neva unavyojirekebisha tabaka kwa tabaka.

Uwezekano ndio unaopotoshwa zaidi. Vijana huuziwa mikeka ya kamari kwa jina la utabiri wa akili unde. Huo ni ulaghai. Mechi tano zisizotegemeana, kila moja ikiwa na uwezekano wa 0.6, kwa pamoja hubaki na 0.078: mkeka huo utachanika zaidi ya mara tisa katika kumi, na hakuna programu inayoweza kuikwepa hesabu hiyo.

Modeli ya lugha nayo huzidisha vivyo hivyo. Baada ya "Bwakire", neno linaloanza salamu ya asubuhi ya lugha ya Ekegusii, modeli iliyofunzwa vizuri huipa "buya" uwezekano mkubwa. Kupima matini nzima ni kuzidisha uwezekano wa kila neno. Maneno 400 yenye 0.1 kila moja hutoa 10 kwa kipeo cha −400. Namba ya kawaida ya biti 64 haifiki huko. Kompyuta huandika sifuri, na matini nzuri na mbovu zikipata sifuri zote mbili haziwezi kulinganishwa. Hapo ndipo logi za kidato cha pili, ambazo wengi huapa hazina kazi nje ya mtihani, zinapookoa jahazi. Logi ya 0.1 kwa kizio 10 ni −1, hivyo kuzidisha hugeuka kujumlisha na jibu ni −400. Likigawanywa kwa 400 na alama ya kutoa ikaondolewa, hupatikana 1: kipimo cha kosa ambacho modeli hufunzwa kukipunguza. Watafiti hupendelea logi ya kizio e, ila hesabu ni ileile.

Anayeanza aimarishe matriksi, kisha kanuni ya mnyororo, kisha uwezekano wenye masharti, huku akiandika kila hatua kwa Python. Topolojia na nadharia ya vipimo zinaweza kungoja. Ni maswali machache tu ya utafiti yanayozihitaji.