Akitoka kundi la kwanza, nani atamlipia mituweli?

Na Mwandishi Wetu, Rusizi

Kila tarehe 1 Julai mwaka mpya wa bima ya afya ya jamii, ambayo wengi wanaiita mituweli, huanza Rwanda nzima. Katika Sekta ya Gitambi, wilayani Rusizi, tarehe hiyo huja wakati wakulima wa bonde la Bugarama wanavuna au kuanika mpunga wa msimu wa pili. Mwenye sehemu yake bondeni anajua fedha zitatoka wapi. Aliye juu mlimani, asiye na mpunga wala kahawa ya kutosha, anayelima mashamba ya wenzake kwa kibarua, naye anapaswa kujibu swali hilohilo: mchango wa kaya utapatikana wapi?

Kwa miaka mingi, maskini kabisa hawakuulizwa swali hilo kwa sababu serikali iliwalipia. Habari inayoumiza ni ya yule aliyekuwa akilipiwa, kisha akasomewa katika mkutano wa kijiji kwamba amepanda daraja na si wa kulipiwa tena.

Tuchukue mfano wa kaya ya watu saba. Ilipokuwa kundi la kwanza la Ubudehe, ilikuwa inalipa sifuri. Ilipohamishiwa kundi la pili, kila mtu alilipiwa faranga 3,000 kwa mwaka, yaani 21,000 kwa kaya nzima. Kibarua wa shamba anayepata faranga 1,500 kwa siku alilazimika kufanya kazi siku 14 bila kununua hata chumvi ili kumaliza deni hilo. Isitoshe, siku ya kuugua alitoa faranga 200 katika kituo cha afya, na akipelekwa hospitali, kwa wenyeji wa upande huu mara nyingi ile ya Mibilizi, alilipa asilimia 10 ya gharama. Alipokuwa kundi la kwanza, hata hayo alisamehewa.

Tulikotoka

Mituweli ilianza kwa majaribio mwaka 1999 katika wilaya tatu za afya za wakati huo: Byumba, Kabgayi na Kabutare. Nchi ilikuwa imetoka katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, na wagonjwa wengi walikuwa wakibaki nyumbani kwa kukosa fedha. Mpango ukaenea nchi nzima katikati ya miaka ya 2000, mchango ukiwa faranga 1,000 kwa mtu. Mwaka 2006 Mfuko wa Dunia wa kupambana na Ukimwi, kifua kikuu na malaria ukaanza kusaidia kulipia michango ya maskini. Kufikia 2010, waliokuwa na mituweli walizidi asilimia 90 ya waliolengwa, kiwango ambacho nchi nyingi za Afrika zilikuja kujifunza.

Julai 2011 mambo yakabadilika. Mchango ukapangwa kwa kufuata makundi sita ya Ubudehe. Makundi mawili ya chini, yaliyokuwa na karibu robo ya wananchi, yalilipiwa faranga 2,000 kwa kila mtu. Makundi ya kati yakatakiwa kulipa 3,000, na ya juu 7,000. Aliyekuwa akilipa 1,000 akajikuta anadaiwa mara tatu. Matokeo yalionekana upesi: kufikia mwaka wa fedha wa 2013/14, waliojiunga walikuwa wameshuka hadi takribani asilimia 73.

Mwaka 2015 usimamizi wa mituweli ukatoka Wizara ya Afya na kupelekwa kwa Bodi ya Hifadhi ya Jamii ya Rwanda, RSSB. Wakati huohuo makundi ya Ubudehe yakapunguzwa kutoka sita hadi manne. Hesabu mpya ilipotoka, kundi la kwanza lilikuwa na asilimia 16 tu ya kaya, la pili karibu asilimia 30, la tatu karibu asilimia 54, na la nne halikufika hata asilimia moja. Yaani kutoka karibu robo ya wananchi wanaolipiwa, tulibaki na kaya 16 katika kila 100. Si ajabu kwamba ofisi za vijiji, kata na sekta zilijaa watu waliotaka wapangwe upya.

Ngazi isiyo na vidato

Sifa za makundi ziliandikwa kwa maneno mepesi. La kwanza lilikuwa la wasio na nyumba na wanaopata chakula kwa shida. La pili lilikuwa la wenye nyumba yao au wanaoweza kupanga, lakini kazi ya kudumu hawana. La tatu lilikuwa la wenye ajira na wakulima wanaovuna wakabakiza cha kuuza.

Sasa angalia mchango ulivyokuwa: kundi la kwanza sifuri, la pili 3,000, la tatu 3,000. Mtu wa kundi la pili, ambaye serikali yenyewe iliandika kwamba hana kazi ya uhakika, alilipa sawasawa na jirani yake aliyeuza magunia ya mpunga. Kati ya sifuri na 3,000 hakukuwa na kidato hata kimoja. Ngazi yote ilikuwa hapo kwenye hatua ya kwanza, na aliyepaswa kuipanda ndiye aliyekuwa na miguu dhaifu kuliko wote.

Kuna jambo jingine. Mituweli hulipwa kwa kaya, si kwa mtu mmoja mmoja. Kwa utaratibu wa miaka ya karibuni, kaya iliyotoa angalau asilimia 75 ya mchango wake hutibiwa, na inayobaki inamaliziwa kabla ya tarehe 31 Desemba. Ni nafuu kubwa kuliko kudai vyote kwa mara moja. Hata hivyo, kwa kaya yetu ya watu saba, asilimia 75 ilikuwa faranga 15,750. Mama mwenye mtoto anayechemka homa usiku hawezi kulipia yule mtoto peke yake. Ama wote saba, ama alipe bei kamili kama asiye na bima.

Serikali nayo ina hoja

Si haki kusema serikali imewatupa watu. Mituweli haijawahi kujitosheleza kwa michango pekee. Tangu 2020 kila mfanyakazi hukatwa asilimia 0.5 ya mshahara wake halisi kwa ajili ya mfuko huo, na sehemu ya faini za barabarani na tozo ya mafuta vimeelekezwa huko. Anayelipwa mshahara Kigali anachangia dawa za mtu wa Gitambi hata kama hajawahi kufika Rusizi. Wenye kutunza mfuko wanasema, na wanasema kweli, kwamba msaada ukimfuata hata aliyekwisha kujiweza, utamkosa asiyejiweza.

Ndiyo maana mkakati uliopitishwa na Baraza la Mawaziri Novemba 2022 unataka kaya inayosaidiwa ipewe msaada kwa muda, iwekewe malengo, kisha ijitoe katika umaskini ndani ya miaka miwili. Mwaka uliofuata serikali ikatangaza kuachana na makundi ya Ubudehe na kuingiza Imibereho, daftari la kielektroniki la hali za kaya linaloweza kusahihishwa mara kwa mara badala ya kungoja miaka.

Hilo ni jema. Lakini daftari hata liwe zuri namna gani, linasema tu nani yuko wapi. Halisemi siku ya kwanza baada ya msaada kuondoka itapitwaje.

Majirani nao wanahangaika

Swali hili si la Rwanda peke yake. Nchini Kenya, NHIF ilipisha SHIF tarehe 1 Oktoba 2024. Asiye na mshahara hupimwa uwezo wake, kisha hutozwa asilimia 2.75 ya kipato kilichokadiriwa, kima cha chini shilingi 300 kwa mwezi, naye hutakiwa kulipa ya mwaka mzima kwa mkupuo. Tanzania Bara, wazazi waliokuwa wakilipa shilingi 50,400 kwa mwaka kwa Toto Afya Kadi waliona usajili huo wa mtoto mmoja mmoja ukisitishwa mwaka 2023. Burundi, ng'ambo ya mto Ruhwa, ilianza kadi yake ya matibabu mwaka 1984, na tangu 2006 watoto wa chini ya miaka mitano na akina mama wanaojifungua hutibiwa bure katika vituo vya umma.

Kila nchi imechora mstari wake, na kila mstari una watu waliosimama juu yake, mguu mmoja huku na mwingine kule. Mawaziri wa afya wa Jumuiya wanapokutana, hao nao wanastahili kuzungumzwa.

Kidato kinaweza kuwekwa

Rwanda yenyewe imeshaonyesha kwamba inawezekana. Mwaka 2016, malaria ilipokuwa imeongezeka sana, serikali iliamua matibabu yake yawe bure kwa kundi la kwanza na la pili pia. Msaada haukukatikia pale mstari ulipokatikia, na washauri wa afya wa vijijini wakawa wanapima na kutoa dawa hukohuko vijijini.

Mituweli ingeweza kufuata njia hiyo. Kaya inayotoka katika kulipiwa ilipe faranga 1,000 kwa mtu mwaka wa kwanza, 2,000 mwaka wa pili, na 3,000 mwaka wa tatu. Kwa kaya ya watu saba ni 7,000, kisha 14,000, kisha 21,000. Mzigo ni uleule, ila unapandishwa kichwani taratibu.

Wakati hilo likisubiriwa, wananchi wana njia zao. Ibimina, vikundi vya kuweka akiba ya mituweli, vimewavusha wengi: faranga 500 kwa wiki hufika 26,000 kwa mwaka, zaidi ya deni la kaya yetu. Aliye na mpunga anaweza kukubaliana na ushirika wake ukate mchango wakati wa kulipwa mavuno. Anayeona ameandikwa mahali pasipo pake asinung'unike nyumbani. Aseme katika mkutano wa kijiji, mbele ya majirani wanaomjua, na asahihishwe mapema kabla ya Julai.

Kwa sababu homa haingoji mtu apandishwe au ashushwe daraja.