Taa mbovu ingeniharibia kamusi

Yapo makosa ya kamusi yatokanayo na uvivu wa mtungaji, na yapo yatokanayo na kiburi chake. Mimi nusura nifanye kosa la aina ya tatu, nalo ni kosa la taa. Nakisimulia kisa hiki kwa kuwa nawaona vijana wengi wakishuka baharini na kamera ndogo za video, na wengi wao hujali kamera wakaisahau taa.

Kwa muda sasa nimekuwa nikikusanya majina ya samaki katika Kivumba, lahaja ya Kiswahili izungumzwayo Wasini, Vanga na pande zile za kusini mwa pwani yetu. Wayajuao majina hayo kwa ukamilifu ni wavuvi wazee, na kila mzee azikwapo, fungu la msamiati huzikwa naye. Samaki wa sokoni hatoshi kwa kazi hii. Akishakufa rangi yake hufifia, na isitoshe, mvuvi humtambua samaki pia kwa makao na mwendo wake. Ndipo nikajifunza kuzamia kwa mtungi wa hewa, nikachukua kamera itoshayo kiganjani, nia yangu ikiwa kumpiga picha samaki akiwa hai, kisha nimwonyeshe mzee barazani.

Mara ya kwanza nilizama bila taa, kina cha mita 12, jua likiwa utosini. Nilipomwonyesha mzee mmoja wa Wasini picha zile, alikunja uso.

"Huyu ni tewa, mwanangu, lakini mbona kama amepakwa masizi?"

Kwa hisani yake alinipa jina la tewa mweusi, nami nikaliandika daftarini.

Hapo ndipo kosa lilipoanzia. Maji huumeza mwanga wa jua rangi moja baada ya nyingine, na nyekundu ndiyo itanguliayo. Kufikia mita 5 imekwisha kupungua sana. Kufikia mita 10 hivi, karibu yote imetoweka. Hufuata rangi ya machungwa, kisha manjano, na samawati ndiyo idumuyo hadi vilindini. Samaki mwekundu asipofikiwa na mwanga mwekundu hana cha kuirudishia kamera, naye huonekana wa kijivu au mweusi.

Kwa mwanaisimu, jambo hili lina kinaya chake. Lugha yetu ina mashina matatu tu ya kweli ya vivumishi vya rangi: -eupe, -eusi na -ekundu. Nyingine tumezikopa kutoka kwa vitu: kijani kutoka kwa jani, manjano kutoka kwa kiungo cha mapishi, samawati kutoka kwa mbingu. Mwaka 1969 Brent Berlin na Paul Kay walidai kuwa lugha yoyote yenye majina matatu tu ya msingi ya rangi huwa na hayo hayo matatu. Basi rangi ambayo ndimi za wanadamu huitaja mapema, baada ya nyeupe na nyeusi, ndiyo bahari huiiba mwanzo.

Nikamweleza mzee kwamba nakwenda Mombasa kununua taa. Alicheka hadi akakohoa.

"Mwalimu, waenda Mombasa kununua taa, na hapa twawavua kila siku?"

Msomaji wa bara huenda asijue kuwa taa ni samaki vilevile, yule mpana mwenye mkia mrefu kama mjeledi. Laiti ningalimsikiliza mzee nikabaki na taa wa kwake! Taa niliyouziwa ilikuwa na maandishi makubwa ya kutangaza maelfu ya lumeni, nami nikasadiki. Niliifunga juu ya kamera, kando ya lenzi, nikashuka. Picha zilizotoka zilijaa vitone vyeupe, kana kwamba mtu alikuwa akipepeta unga mbele yangu, na katikati pakawa na duara moja kali lililomchoma macho mtazamaji, huku pembeni pote pakiwa giza.

Makosa yalikuwa mengi, nayo yote yanaepukika. Kosa la kwanza lilikuwa mahali nilipoiweka taa. Bahari haikosi chembechembe za mchanga na viumbe vidogo, hasa msimu wa kusi na mvua za masika. Taa ikiwa jirani ya lenzi, mwanga huzigonga chembe hizo na kurudi moja kwa moja kwenye kamera. Dawa yake ni kutumia taa mbili, kila moja kwenye mkono wake, mmoja kulia na mwingine kushoto, zikiwa mbali na lenzi na zimegeuzwa kidogo nje ili kingo tu za mwanga zikutane juu ya samaki.

La pili ni upana wa mwale. Kamera hizi huona eneo pana mno, kwa hiyo tochi ya mwale mwembamba haifai. Tena muuzaji hutaja upana uliopimwa hewani. Taa ya digrii 120 yenye kioo bapa hubakia na kama digrii 80 iingiapo majini, kwa sababu maji huupinda mwanga. Anayetafuta taa aanzie digrii 100 kwenda juu.

La tatu, na ndilo kubwa kwangu, ni ubora wa rangi. Lumeni hupima wingi wa mwanga wala hazisemi lolote kuhusu uaminifu wake. Kuna kipimo kiitwacho CRI, ambacho kilele chake ni 100. Tafuta taa yenye 90 au zaidi, na joto la rangi la kelvini 5,000 hadi 5,600, ambalo hukaribia mwanga wa mchana. Hata hapo usibweteke. Kipimo hicho ni wastani wa rangi 8 zilizopoa, na nyekundu iliyokolea haimo. Hiyo hupimwa peke yake kwa jina la R9. Taa nyingi za LED huzalisha mwanga wa bluu unaogeuzwa kuwa mweupe, nazo huwa dhaifu katika wekundu. Yaani mtu aweza kununua taa yenye sifa njema, nayo ikamnyima rangi ile ile aliyoifuata. Muulize muuzaji R9 yake ni ngapi. Asipojua, kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.

Zaidi ya hayo, mkaribie samaki. Umbali ukiongezeka maradufu, mwanga umfikiao hubaki robo, na maji huzidi kuupunguza. Kwa kazi ya mita moja au moja na nusu, taa mbili za lumeni 2,000 kila moja zinatosha. Chujio jekundu la lenzi ni la mwanga wa jua. Liondoe uwashapo taa, la sivyo kila kitu kitakuwa chekundu kupita kiasi. Hakikisha taa inahimili kina unachokwenda na betri yake inadumu mzamo mzima kwa nguvu zote. Mwisho, kagua mpira wake wa kuzuia maji: chembe moja ya mchanga au unywele mmoja hutosha kuizamisha gharama yote.

Nilipata taa mbili zilizotimiza masharti hayo, nikarudi mwamba ule ule. Mara hii mzee hakukunja uso. Kiwamboni alitokea tewa mwekundu kama kaa la moto, mwili mzima umetapakaa vidoa vya samawati.

"Ala! Huyu ni mwingine kabisa," akasema, akanipa jina lake halisi. "Lile nililokwambia mwanzo lifute."

Nikalifuta. Bila taa zile, kamusi ingemvisha samaki mmoja jina la mwenzake, na mjukuu wa mzee yule angelisoma kosa hilo chuoni akaliamini kuliko kumbukumbu za babu yake.

Vyuo vyetu na wafadhili wa tafiti za lugha huidhinisha kwa wepesi fedha za kamera, lakini zikiombwa za taa, huzifuta kwa kuziona anasa. Nawasihi wafikiri upya. Wazee hawatusubiri. Mzee akitazama picha isiyo na rangi atatupa jina kwa hisani, nasi tutaliandika, na hatakuwapo mara ya pili kutuambia tulifute.