Gari Lipi Lafaa Nyumba Yetu?



Hapa kwetu Mwanga mazungumzo ya magari hayakosekani barazani. Baada ya sala ya alasiri mmoja ataisifu Land Rover, wa pili ataisifu Toyota, na wa tatu, asiyekuwa hata na baiskeli, ndiye atakayekata hukumu. Sisi kazi yetu ni kufundisha watoto chuoni, wala hatukusomea ufundi wa magari. Lakini tunayapenda tangu utotoni, na tumeona si vibaya kutoa maoni yetu, kwa kuwa wako jamaa wanaouza shamba la michikichi au mtumbwi wa kuvulia dagaa ili wapate kununua gari. Mali ya watoto ikishageuzwa kuwa chuma, ni shida kuirudisha kuwa shamba.

Na tuanze na mzee wao, Land Rover. Gari hili lilionyeshwa kwa watu mara ya kwanza mwaka 1948 katika mji wa Amsterdam. Wakati huo, baada ya Vita Kuu ya Pili, chuma kilikuwa haba Uingereza, na kwa hivyo bodi yake ikafanywa kwa aluminiamu. Ndiyo sababu utaiona Land Rover ya miaka mingi aluminiamu yake haikuliwa na kutu, hali fremu yake ya chini, ambayo ni ya chuma, imekwisha zamani. Basi anayetaka kuinunua asidanganywe na uso wake. Ainame atazame chini. Fundi yeyote mwenye spana chache aweza kuifungua, na hiyo ni sifa kubwa. Lakini inachosha mifupa ya abiria, na mafuta hupenda kuvuja. Ukoo huo wa kale, ulioishia na jina la Defender, ulikoma kutengenezwa mwaka 2016. Linalouzwa sasa kwa jina hilo ni gari jingine kabisa.

Wa pili ni Peugeot 404, iliyotoka Ufaransa mwaka 1960. Katika mashindano ya Safari ya Afrika Mashariki, yaliyoanza mwaka 1953, gari hili lilishinda mwaka 1963, kisha 1966, 1967 na 1968. Na mwaka 1966 na 1967 aliyeliendesha ni Bert Shankland, dereva wa Tanzania. Matope yaliyowakwamisha wengine, lenyewe lilipita. Lilikuwako pia lenye safu tatu za viti, likichukua jamaa nzima kwa ulaini ambao mpaka leo hatujaona mfano wake. Hata hivyo hatumshauri mtu alinunue sasa, kwa sababu spea zake ni za kutafutwa kama dawa. Twalipenda kama tunavyompenda mzee aliyestaafu: huamkiwa kwa heshima, wala hatwikwi mzigo.

Wa tatu ni Toyota Land Cruiser, jina lililoanza kutumika mwaka 1954. Lile la kazi ngumu, la ukoo wa 70 uliotoka mwaka 1984, vijana huliita mkonga, kwa ajili ya bomba lililopanda kando ya kioo ili injini ivute hewa ya juu, mbali na vumbi na maji. Watu wa Kigoma wanalijua sana, kwani ndilo gari jeupe la mashirika yanayohudumia wakimbizi huko Nyarugusu, wilayani Kasulu, kambi iliyofunguliwa mwaka 1996. Kwa njia mbaya hatujui lililo bora kulipita. Lakini bei yake ni kubwa na mafuta hulinywa kwelikweli. Na mtu ambaye safari yake ni ya kutoka nyumbani hadi soko la Mwanga, akalinunua hilo, amemwajiri tembo ambebee kikapu.

Sasa tufikie magari madogo, ambayo ndiyo ya wengi wetu. Toyota IST na Toyota Probox zote zilitoka Japani mwaka 2002. IST hula mafuta kidogo, na spea zake hupatikana. Aibu yake ni kuwa tumbo li karibu na ardhi, na mawe ya njia za vijijini hayalionei huruma. Probox ilitengenezwa hasa kwa ajili ya kazi za maduka na maofisi, ichukue bidhaa nyuma na watu mbele. Ni nyepesi, ni nguvu, na kwa thamani ya fedha twaiweka mbele ya nyingine zote.

Lakini hapa ndipo maoni yanapoacha kuwa mchezo wa barazani. Probox ina nafasi ya watu watano pamoja na dereva. Katika njia zetu utaiona imechukua wawili katika kiti kimoja cha mbele, wanne nyuma, na watoto wamekunjwa katika sehemu ya mizigo. Huko hakuna kiti wala mkanda. Gari likigongwa kwa nyuma, wao ndio wa kwanza kupatikana. Tena uzito ukizidi, breki huchelewa kulisimamisha gari, na matairi hupata moto hata yakapasuka. Gari halina kosa. Mzazi aliyeambiwa, "Mtoto atakaa huko nyuma tu," na asubiri gari la pili.

Kwa hiyo anayetaka kununua na ajiulize mambo manne: nitapita njia gani? Nitachukua watu wangapi? Fundi na spea nitavipata hapa hapa? Na baada ya kulipa, itabaki fedha ya matairi na breki? Likishindwa katika moja la hayo, aliache hata kama rangi yake yapendeza. Gari jema ni lile linalowarudisha nyumbani wote walioondoka nalo.

Wabillahi tawfiq.