Fahamu: Kiwewe cha kazini kivukoni Likoni

Septemba 29, 2019, gari liliteleza kutoka feri ya MV Harambee kwenye kivuko cha Likoni, Mombasa, likazama na mama na bintiye. Wapiga mbizi walishuka siku baada ya siku, huku jamaa wakisubiri ufukweni, hadi gari lilipoopolewa Oktoba 11.

Kazi kama hiyo huweza kuacha kiwewe: jinamizi, kukosa usingizi, kushtukashtuka, kukwepa mahali pa tukio. Mtu huripoti kwenye zamu kama kawaida, lakini akili haitulii. Mwajiri naye hulipia kwa makosa, utoro na watu kuacha kazi. Shirika la Afya Duniani hukadiria kuwa sonona na wasiwasi husababisha kupotea kwa siku bilioni 12 za kazi kila mwaka.

Ajali ya Likoni haikuwa ya kwanza: ajali ya feri ya Mtongwe, pia Mombasa, iliua watu 272 mwaka 1994. Waokoaji na wahudumu wa vivuko wanastahili ushauri nasaha wa siri, bila kuogopa kupoteza kazi.