Supu Imekwisha, Nyama Ipo

Fika kwa mama ntilie wa Dar es Salaam saa 5 asubuhi uagize supu. Huenda ukaambiwa imekwisha, na nyama unaiona sufuriani. Ile iliyochemshwa alfajiri kwa chumvi, tangawizi na kitunguu saumu imeshaungwa kwa nyanya na mafuta. Sasa ni mchuzi, unasubiri wali wa mchana.

Kwingine supu hutangulia chakula. Tanzania, supu na chapati mbili ndicho chakula chenyewe, tena cha asubuhi. Benchi moja hukaa bodaboda, mpiga debe na karani mwenye tai, wote wakikamua ndimu na kunyang'anyana pilipili. Aliyeagiza supu analipia nyama, nayo hupimwa kwa jicho kali. Lakini akisema "niongezee supu", anataka maji yake tu, na hayo aghalabu ni ya bure. Muuzaji anayeyalipisha hatadumu na wateja.

Mfalme wa benchi hilo ni makongoro. Miguu ya ng'ombe huchemka kwa saa nyingi, hata kolajeni ya ngozi na kano ikayeyuka kuwa jelatini. Ndiyo maana midomo hunatana unapokunywa, na ikipoa huganda. Wazee huisifia kuwa inasaidia magoti. Walioamka na pombe ya jana huja kuzimua, na hao siwabishii: maji ndiyo waliyoyapoteza usiku.

Pweza ndiye mkaidi wa saa. Supu yake huuzwa jioni, Dar, Unguja hata Mombasa, kwa vikombe vidogo, na wanaume huinywa wakitazama pembeni kwa sababu ya sifa ambayo kila mtu anaijua na hakuna anayeitaja.

Si kila kimiminika kinakubali jina la supu. Urojo wa Unguja, mzito, wenye ukali wa embe au ukwaju, umejaa bhajia na viazi, ni urojo tu. Mtori wa Wachaga, ndizi zilizopondwa na nyama anazopewa mzazi, nao una jina lake.

Nairobi, supu ya kichwa hunywewa kikombeni karibu na jiko la nyama choma. Huko huko vijana humwita msichana mrembo "supuu". Jaribu kumwita hivyo binti wa Temeke, Dar. Atakuuliza chapati ziko wapi.