Je, Wajua? Ndevu haziondoki kwa homoni

Estrojeni hulainisha ngozi na kukuza matiti, lakini ndevu zilizokwisha kuota haiziondoi. Kwa hiyo wengi wanaobadili jinsia kuwa wanawake huanza kuziondoa mapema, hata kabla ya kidonge cha kwanza. Kazi yaweza kupita mwaka: nywele hazioti zote kwa pamoja.

Leza husaka weusi wa unywele. Mvi haizioni. Kwa ngozi nyeusi ya Bagamoyo, salama zaidi ni mwanga wa nanomita 1064; mwingine huweza kuunguza. Na jua la ufukweni baada ya hapo? Madoa!

Wembe kabla ya leza ruksa. Kibano, au sukari na ndimu za bibi harusi, marufuku: shina lazima libaki.

Mvi huachiwa sindano ya umeme, iliyoanza Marekani mwaka 1875 kwa kope zilizopinda kuchoma jicho, kama za mgonjwa wa vikope.