Samaki Wakipanda Juu Asubuhi: Chakula na Maji ya Kiziwa

Siku ile mlango wangu ulibishwa saa kumi na moja na nusu asubuhi. Alikuwa mama mmoja wa kikundi chetu, kitenge kimelowa mpaka magotini. «Madamu, kuja uone, samaki wamepanda wote juu ya maji.»

Tulipofika kwenye kiziwa tuliwakuta tilapia wetu juu kabisa, vinywa wazi, wakivuta hewa kama mtoto mwenye pumu. Wengine walikwisha kulala ubavu. Kufika saa sita mchana tulikuwa tumetoa samaki 60 waliokufa kati ya 200. Tuliwanunua wangali wadogo kwa feza za likelemba, na mavuno yalikuwa ya kulipa minervale ya watoto mwezi wa tisa.

Maneno yakaanza. Wengine walisema jirani ametia sumu, na kidogo tu watu wangegombana. Lakini kosa lilikuwa letu, na shauri nililitoa mimi. Nilisema tuongeze chakula ili samaki wanenepe mbio. Jioni ile tulimwaga mabeseni mawili ya pumba, zaidi ya kilo 8.

Kiziwa kinapumua namna gani

Samaki anapumua hewa iliyochanganyika ndani ya maji. Mchana hewa hiyo inaongezwa na vimea vidogo sana vinavyofanya maji kuwa ya kijani: vikipata jua, vinatoa oksijeni. Usiku hakuna jua. Vimea vyenyewe vinapumua, samaki wanapumua, na vijidudu vinavyoozesha mabaki ya chakula vinapumua pia. Wote wanakula hewa ile ile moja. Ndiyo maana saa mbaya ya kiziwa ni kabla ya mapambazuko.

Sisi wamama tunajua hatari ya kulala watu wengi katika nyumba iliyofungwa, mbabula ikiwaka. Chakula kinachooza chini ya kiziwa usiku ni kama mbabula ile.

Tena mabaki hayo, pamoja na mavi ya samaki, yanatoa amoniaki, ambayo inaunguza mashavu ya samaki. Hata ambaye hafi anadhoofika, anakataa kula, hakui. Kwa hiyo pumba iliyozidi ni hasara mara mbili: umeinunua, halafu inakuulia samaki.

Lisha maji kwanza

Tilapia anakula vimea vile vya kijani. Ndiyo chakula chake cha kwanza, na hakinunuliwi. Katika pembe moja ya kiziwa zungusha miti, kama moja ya kumi ya eneo lake, uweke ndani majani na mbolea ya mbuzi, sungura au kuku. Koroga kila mara.

Kama udongo wenu ni mkali (wenye asidi), mbolea haitafanya kazi vizuri. Kabla ya kujaza maji, mwagia chokaa ya shamba kwenye kiziwa kikavu: kilo 10 hadi 20 kwa kiziwa cha metre 10 kwa 10.

Kupima maji hakuombi mashine. Asubuhi jua likiwa limepanda, nyoosha mkono, kiganja kikitazama juu, uuingize polepole mpaka kiwiko.

Kiganja kikipotea maji yanapofika kiwiko, kiziwa ni kizuri. Kikipotea maji yakiwa bado kwenye kifundo cha mkono, maji yameshiba kupita kiasi: simamisha mbolea na chakula, ingiza maji mapya. Ukikiona wazi hata kupita kiwiko, maji yana njaa: ongeza mbolea. Lakini maji ya matope yasikudanganye. Tunatafuta rangi ya kijani, si ya udongo.

Piga hesabu ya chakula

Samaki wetu walikuwa na gramu 100 kila mmoja. Samaki 200 ni kilo 20. Kwa samaki wa ukubwa huo, chakula cha siku ni karibu 3 kwa 100 ya uzito wao: gramu 600. Sisi tulitia kilo 8 jioni moja!

Gawa sehemu mbili: moja saa tatu au saa ine asubuhi, nyingine saa tisa alasiri. Usiku usilishe. Tupa mahali pamoja kila siku, kidogo kidogo, na utazame. Wakiacha kula, na wewe acha. Kila mwezi vua wachache, wapime kwa kilo ya sokoni, upige hesabu upya.

Mchanganyiko mzuri wa kilo 10 ni huu: pumba ya mchele au ya mahindi kilo 5, soja kilo 3, unga wa sambaza kavu kilo 2. Soja ikaangwe kabla ya kusagwa, kama ya uji wa watoto, kwa maana soja mbichi haimeng'enywi vizuri hata na samaki. Kwenye milima ya baridi kama Kabare na Walungu, samaki wanakula kidogo na kukua polepole kuliko katika bonde la Ruzizi. Usiwalazimishe kwa chakula kingi.

Na neno moja kubwa: tusiloweke mihogo ndani ya kiziwa. Maji ya mihogo yana sumu na ukali, na yanamaliza hewa. Wala majani mabichi ya muhogo yasitupwe humo.

Wakipanda juu, fanya hivi

Usitupe chakula wala mbolea. Fungua maji mapya yaanguke kutoka juu, yarushe povu, kwa maana maji yanayoanguka yanabeba hewa. Toa maji machafu ya chini. Ondoa waliokufa. Ukingoja jua likali bila kufanya kitu, utahesabu wengine.

Wale 140 waliobaki tuliwalisha kwa kopo lililopimwa. Mavuno yalikuwa madogo kuliko tulivyotumaini. Minervale ilipatikana nusu, na nusu nyingine tuliikopa. Lakini kila mama alipeleka samaki nyumbani, na wale wadogo tuliwakaanga wakauke, watoto wakawala pamoja na mifupa. Kwa mtoto anayetishwa na bwaki, samaki kidogo kwenye sahani yake ni kitu kikubwa.

Kopo letu lina alama ya msumari inayoonyesha gramu 300, na linatundikwa kwenye mti karibu na kiziwa. Hakuna anayelisha bila hilo, hata mimi. Kikundi chochote chenye kiziwa kije na kopo lake mkutanoni, tulipime pamoja na kulitia alama.